Ukuta wa Zege Katikati ya Barabara Unamlinda Nani?

Ukisimama kwenye daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara kuu ya njia nyingi, pale palipojengwa ukuta wa zege katikati, utazame ukuta wenyewe kabla ya kutazama magari. Utaona michirizi myeusi ya matairi. Mingine mifupi, mingine inazidi urefu wa gari, na mingi ina umbo lilelile: inaanza chini karibu na lami, inapanda taratibu, inafika usawa wa goti, kisha inateremka. Kila mchirizi ni gari lililoacha njia yake, likaupanda ukuta kidogo, likarudishwa barabarani. Mara nyingi dereva hakusimama. Hakuna aliyepigiwa simu, hakuna kilichotengenezwa, na kilichobaki ni mpira kidogo na rangi ya mlango.

Sasa muulize dereva yeyote wa teksi au wa daladala: ukilazimika kugonga, ungechagua ukuta wa zege au ukingo wa chuma? Atachagua chuma bila kusita. Chuma hupinda, hujikunja, hulipokea gari. Zege halina habari na mtu. Na dereva huyo yuko sahihi. Vipimo vya wahandisi vinamuunga mkono. Kwa nini basi Uingereza, nchi iliyofunga kingo za chuma katikati ya barabara zake kwa zaidi ya miaka 30, iliamua Januari 2005 kwamba barabara zake kubwa zijengwe ukuta wa zege?

Ni kwa sababu ukingo wa katikati haujengwi kwa ajili ya anayeugonga. Unajengwa kwanza kwa ajili ya watu wawili wasio na kosa lolote: yule anayekuja upande wa pili, na fundi atakayetumwa usiku kuutengeneza. Ukilishika hilo, mengi yanayoonekana ya ajabu katika barabara hizi yanaeleweka.

Barabara ya M1 ilipofunguliwa Uingereza tarehe 2 Novemba 1959, katikati hapakuwa na kizuizi. Pande mbili zilitenganishwa na ukanda wa nyasi tu. Hapakuwa na kikomo cha mwendo. Waziri wa Uchukuzi aliyeifungua, Ernest Marples, alitishika siku hiyohiyo alipoona kasi ya madereva waliojimwaga humo na magari ambayo mengi yake hayakuundwa kwa mwendo wa namna ile. Kikomo cha maili 70 kwa saa, yaani kilomita 112 hivi, kiliwekwa kwa majaribio Desemba 1965, kikafanywa cha kudumu mwaka 1967. Ila kikomo cha mwendo hakizuii tairi kupasuka, wala hakimwamshi dereva aliyesinzia. Gari lililovuka nyasi lilijikuta uso kwa uso na magari yanayokuja kwa kasi ileile, na aliyekuwa upande huo hakuwa na nafasi hata ya kukanyaga breki. Ndipo kingo za chuma zikaenea katikati ya barabara hizo miaka ya 1970.

Ukingo wa chuma ni kifaa cha akili. Bamba la chuma lililokunjwa mawimbi hufungwa kwa boliti kwenye nguzo nyembamba zilizosimikwa ardhini. Gari likilipiga bamba, nguzo zinalala au zinaachia, bamba linabaki juu likivutika, na gari linasindikizwa kando huku likipunguza mwendo. Kujikunja kwa chuma ndiko kunakokula nishati ya mgongano, na nishati iliyoliwa na chuma haifiki mbavuni mwa abiria. Aina moja iliyotumika sana Uingereza hukazwa kwa nguvu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na hapo ndipo ulipo udhaifu wake. Inafanya kazi kama kamba ya kuanikia nguo: ikikatika au kulegea mahali pamoja, kipande kizima kinapoteza mkazo. Gari la kwanza limeokolewa. Gari la pili, likifika palepale kabla ya mafundi, halikuti kitu cha maana cha kulizuia.

Halafu kuna suala la uzito. Viwango vya Ulaya, vinavyojulikana kwa namba EN 1317, hupima ukingo kwa kuugongesha magari halisi. Ukingo wa daraja la N2 hugongeshwa gari la saluni la kilo 1,500 linalokwenda kilomita 110 kwa saa kwa pembe ya nyuzi 20. Ukingo wa daraja la H2 hugongeshwa basi la tani 13 kwa kilomita 70 kwa saa, pembe ileile. Juu kabisa, daraja la H4b, ni lori la trela lenye tani 38 kwa kilomita 65 kwa saa. Fanya hesabu ya nishati inayoelekea kwenye ukingo peke yake, maana sehemu kubwa ya mwendo wa gari inakwenda sambamba na barabara. Saluni inaleta kilojuli 82 hivi. Basi linaleta 287. Trela linaleta 724, karibu mara tisa ya saluni, ingawa linakwenda taratibu zaidi. Ukingo uliofaulu mtihani wa gari la familia haujaahidi chochote kuhusu lori.

Kingo nyingi za chuma zilizokuwa katikati ya barabara za Uingereza zilifikiriwa kwa ajili ya magari madogo. Si kwamba chuma hakiwezi zaidi. Kinaweza: ukiongeza mabamba, ukasimika nguzo nene na za karibukaribu, utapata ukingo wa chuma wa H2 na hata wa H4, na watengenezaji wanauuza. Lakini kadiri unavyokiongezea chuma nguvu, ndivyo kinavyopungukiwa na ule upole uliokuwa sifa yake. Na bado kinahitaji nafasi ya kupindia.

Nafasi hiyo ina jina lake kwa wahandisi, na ina madaraja yake kuanzia W1 ya sentimita 60 hadi W8 ya mita tatu na nusu. Ni upana wote unaotumika wakati wa mgongano: ukingo wenyewe pamoja na umbali unaosukumwa nyuma. Ukuta wa zege wa Uingereza, wenye kimo cha sentimita 90 na kitako cha sentimita 54 hivi, umo katika W2, yaani sentimita 80. Basi zima la tani 13 linaugonga, na ukuta haujaondoka mahali pake kiasi cha kumfikia mtu wa upande wa pili. Ukingo wa chuma wa uwezo huohuo kwa kawaida unataka zaidi. Barabara ya M25 inayoizunguka London, yenye kilomita 188, ilipopanuliwa kuongezwa njia, ukanda wa katikati haukuwa mahali pa kugawa sentimita ovyo. Ukingo ukipinda mita moja na nusu na njia ya upande wa pili iko mita moja kutoka hapo, basi umelihamisha gari kutoka ajali moja kwenda nyingine. Zaidi ya hayo, nguzo za taa zinasimama katikati pale pale. Chuma kikipinda hadi kwenye nguzo, gari linaigonga.

Hadi hapa mtu anaweza kusema ni suala la malori na nafasi. Mimi naona sababu nzito zaidi ni ile isiyoonekana na dereva wa mchana.

Ukingo wa chuma umegongwa saa tisa alasiri. Gari limevutwa, abiria wamekwenda zao na michubuko, polisi wameondoka. Kilichobaki ni nguzo kadhaa zilizolala na bamba lililopinda. Linahitaji kubadilishwa, na mahali penyewe ni katikati kabisa, ubavuni mwa njia inayotumiwa na magari yenye kasi kuliko yote. Usiku, magari yakipungua, kikosi cha mafundi kinakuja. Njia moja lazima ifungwe, pengine mbili, na pengine pande zote mbili za barabara. Kabla ya koni ya kwanza kuwekwa, alama za kuwaonya madereva lazima zisimikwe mbali nyuma, kushoto na katikati. Kwa miaka mingi, ili kuweka alama za katikati, mafundi walikuwa wakivuka njia zote kwa miguu, gizani, mmoja akibeba bango na mwingine akitazama taa zinazokuja. Sekta ya barabara ya Uingereza ilitumia muda mwingi kutafuta jinsi ya kuiondoa desturi hiyo.

Nyuma ya mafundi husimama lori ambalo kazi yake ni kugongwa. Limefungwa nyuma kifaa kikubwa cha kufyonza mgongano, taa za mshale zinamulika juu yake, na dereva wake analijua hilo. Anakaa hapo usiku mzima akingoja mtu asiyetazama mbele. Mbele yake wenzake wanang'oa nguzo, wanasimika nyingine, wanapachika bamba, wanakaza boliti, na katika ile aina ya kukazwa wanaurudisha mkazo. Asubuhi njia inafunguliwa. Kesho kutwa gari lingine linagonga kilomita mbili mbele.

Zidisha hayo kwa mtandao mzima wa barabara zenye magari makumi ya maelfu kwa siku. Sera ya Januari 2005 iliwekwa kwa hoja ya usalama, na iligusa barabara zenye magari zaidi ya 25,000 kwa siku: miradi mipya ijengwe ukuta wa zege katikati, na kingo za chuma zilizopo zibadilishwe kadiri zinavyochakaa au barabara inavyofanyiwa matengenezo makubwa. Ukuta ulitakiwa kudumu angalau miaka 50. Ukigongwa na gari dogo, kwa kawaida hakuna kazi ya kufanya. Haupakwi rangi, hauna boliti ya kukaza. Fundi ambaye hakutumwa katikati ya barabara usiku huo hahesabiwi katika takwimu za ajali, lakini ndiye ushahidi mkubwa zaidi wa upande wa zege.

Wala wazo hili halikuzaliwa Uingereza. Mwaka 1946 jimbo la California lilijenga kizuizi cha zege katikati ya barabara ya US-99, pale inapoteremka kutoka milima ya Tehachapi kuelekea bondeni, kusini mwa Bakersfield. Ni mteremko mrefu, malori yalikuwa yakishindwa kujizuia, na ukanda wa katikati ulikuwa mwembamba. Sababu zilizotajwa tangu siku hizo ni zilezile mbili: malori yasivuke kwenda upande wa pili, na matengenezo ya gharama na ya hatari yaishe. Miaka 59 baadaye Waingereza waliandika karibu maneno hayohayo.

Jimbo la New Jersey lilifuata mwaka 1949 kwa kujenga kizuizi cha zege katika mteremko wa Jugtown Mountain, barabara ya 22. Kisha idara ya barabara ya jimbo hilo ikaanza kulichezea umbo. Kizuizi cha 1955 kilikuwa kifupi, sentimita 46 tu. Kikarefushwa, na kufikia 1959 kilikuwa na sentimita 81 na lile umbo ambalo leo dunia nzima inalitambua kwa jina la jimbo hilo: kitako kipana, mwinuko wa kulala sehemu ya chini, kisha uso unaokaribia kusimama wima. Jambo linalonifurahisha ni kwamba halikutoka maabara. Wahandisi walijenga, wakangoja ajali, wakaenda kutazama michirizi na mabati yaliyobomoka, wakarudi kubadilisha.

Mwinuko ule wa chini una kazi yake. Gari likija kwa pembe ndogo, kama linavyokuja mtu anapotelezea kando kidogo, mwili wa gari haukutani na ukuta mwanzoni. Linalokutana ni tairi. Tairi linapanda mwinuko, gari linainuka upande mmoja, sehemu ya nishati inaishia katika kuliinua, na uzito wa gari lenyewe unalishusha tena likiwa limeelekezwa sambamba na barabara. Springi na matairi yamefanya kazi ambayo vinginevyo ingefanywa na bodi. Hiyo ndiyo michirizi inayopanda na kushuka.

Kwa pembe kubwa mambo hubadilika. Sehemu ya chini ya umbo la New Jersey inapanda hadi sentimita 33 kutoka barabarani kabla ya kugeuka wima, na magari yalipozidi kuwa madogo na mepesi, ilionekana kwamba baadhi yao hupanda kupita kiasi na kupinduka. Watafiti wa Marekani wakachora maumbo kadhaa, wakayapa herufi kuanzia A hadi F. La F, lenye mwinuko unaoishia sentimita 25, ndilo lililofanya vizuri kuliko mengine. Likabaki na jina hilo la herufi, bila mtu kujisumbua kulitafutia lingine. Baadaye Texas na California zikaachana na kona kabisa, zikajenga ukuta wenye mteremko mmoja tu kutoka juu hadi chini: nyuzi 10.8 kutoka wima kwa Texas, 9.1 kwa California. Faida yake mojawapo ni ya kifundi. Barabara ikiwekwa tabaka jipya la lami na kuinuka, ukuta wa mteremko mmoja unabaki na umbo lilelile, ila unapungua kimo kidogo. Ukuta wa umbo la New Jersey ukizamishwa na lami, kona yake inahama.

Kimo nacho kiliongezeka. Ukuta wa sentimita 81 unalirudisha gari dogo vizuri sana, lakini lori lililojazwa hadi juu lina kitovu cha uzito kilicho juu ya ukuta. Magurudumu yanazuiliwa, mzigo unaendelea, na lori linalalia upande wa pili. Ndiyo maana barabara ya kulipia ya New Jersey, yenye malori mengi, ilichagua ukuta wa sentimita 107.

Ujenzi wa kuta za kudumu ni kitu cha kutazama. Mashine inatembea yenyewe kwa minyororo ikifuata mstari iliyowekewa, lori la zege linaimwagia mbele, na nyuma yake ukuta unatoka ukiwa umekamilika, kimo na umbo, nyaya za chuma zikiwa zimepita ndani kwa urefu wote. Hakuna mbao za kushikilia. Zege lenyewe limechanganywa kavukavu kiasi kwamba linasimama likiwa bado bichi, na fundi anatembea nyuma na mwiko akiziba vitundu. Kwa siku moja hutoka mamia ya mita. Wale waliokulia kwenye ujenzi wa zege la ndoo, lenye maji mengi ili limiminike kwa urahisi, hawaamini wanapoona linakaa.

Lakini tusimsahau aliyegonga. Viwango vya Ulaya hupima pia ukali wa mgongano kwa abiria, katika madaraja ya A, B na C, A ikiwa ndiyo laini zaidi. Kingo nyingi za chuma hupata A. Ukuta wa zege kwa kawaida hupata B. Tofauti hiyo inaishia shingoni na mbavuni mwa watu. Anayetetea zege anajibu kwamba kwenye barabara kubwa, ambako gari haliwezi kupata nafasi ya kugeuka sana, migongano mingi ya katikati ni ya pembe ndogo, na kwa pembe ndogo zege si kali. Ni hoja nzuri, ingawa si ya kila mahali. Ukanda wa katikati ukiwa mpana, gari linapata nafasi ya kukata kona na kuufikia ukuta kwa pembe kubwa, na hapo zege ni chaguo baya. Marekani, kwenye kanda pana za nyasi katikati ya barabara kuu zinazounganisha majimbo, nyaya za chuma zilizotandazwa juu ya nguzo nyembamba zimejengwa kwa maelfu ya kilomita.

Sweden ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1998, kwenye barabara ya E4 karibu na Gävle, walichukua barabara pana isiyo na kitenganishi, wakaigawa njia tatu, mbili upande mmoja na moja upande wa pili kwa zamu, na katikati wakapitisha nyaya. Madereva wengi walidhani ni wazimu. Nyaya ziligongwa mara kwa mara, zikatengenezwa mara kwa mara, na vifo vya kugongana uso kwa uso vikaporomoka. Wasweden walikubali gharama ya matengenezo kwa sababu barabara zao hizo hazina msongamano wa M25, na fundi anaweza kufika bila kuhatarisha maisha yake kwa kiwango kilekile. Waendesha pikipiki ndio hawakuzipenda nyaya. Mtu akianguka na kuteleza, kinachomuua si waya wala bamba, ni nguzo. Kwa upande huo ukuta wa zege, kwa ukatili wake wote, una uso laini usio na kitu cha kumnasa.

Na wapo waliokataa kuchagua. Daraja la Golden Gate la San Francisco lilikaa miongo kadhaa likitenganisha magari yanayokutana kwa virungu vya plastiki vinavyohamishwa kwa mkono, kwa sababu njia zinabadilishwa upande kufuatana na foleni ya asubuhi na jioni. Januari 2015 daraja lilifungwa wikiendi moja, likawekewa kizuizi kinachohamishika: vipande vya chuma vilivyojazwa zege ndani, vyembamba kwa sababu njia za daraja hilo ni nyembamba, vikishikana kama mnyororo. Lori maalumu linapita, linavinyanyua upande mmoja na kuviacha upande mwingine.

Huku Afrika Mashariki mjadala una vitu ambavyo vitabu vya Ulaya havikuviwekea madaraja. Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori la ekseli saba kufikia tani 56, na trela la mtihani wa H4b, ule wa juu kabisa, lina tani 38. Kisha, sehemu kubwa ya barabara ya kutoka Mombasa hadi Malaba, ambako malori hayo hupita, ni njia mbili zinazokutana, bila ukanda wa katikati, bila chuma wala zege. Mjadala wa ni ukingo gani bora ni wa wale walio na mahali pa kuuweka.

Palipo na mahali, kuna wezi. Kingo za chuma za barabara za Kenya zimekuwa zikifunguliwa boliti na kuuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, pamoja na mabango ya alama na vipuri vya madaraja ya waenda kwa miguu. Tarehe 20 Januari 2022, siku chache baada ya umeme kukatika nchi nzima na minara ya umeme kukutwa imehujumiwa, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya chuma chakavu. Ilifunguliwa tena miezi michache baadaye chini ya masharti mapya. Zege halina mnunuzi wa kilo. Hakuna kiwango cha Ulaya kinachoipa sifa hiyo alama, ila mhandisi wa Nairobi asiyeihesabu atakuwa anajenga ukingo wa mwaka mmoja.

Ila kuna mtu wa tatu ambaye barabara za Uingereza hazikuhitaji kumfikiria, kwa sababu sheria inamkataza kukanyaga humo: mwenda kwa miguu. Nchini Kenya ndiye anayekufa zaidi kuliko mtumiaji mwingine yeyote wa barabara. Barabara ya Thika, kilomita 50 za njia nyingi zilizofunguliwa mwaka 2012, inapita katikati ya Githurai, Kahawa, Ruiru na Juja, mahali ambapo soko liko upande huu na nyumba ziko upande ule. Madaraja ya kuvukia yapo, lakini si yote yaliyopo pale miguu inapotaka kupita, na nyua zilizowekwa kuwaelekeza watu huko zimetobolewa.

Ukuta wa sentimita 90 haumzuii kijana mwenye haraka. Anauruka. Unamzuia mama mwenye kikapu na mtoto mgongoni, na humzuia akiwa ameshavuka njia nne za kwanza. Yuko katikati, mgongo ukiwa umeelekea magari, anatafuta jinsi ya kupandisha mzigo. Kwenye nyasi angesimama akapumua. Ukingo wa chuma angeuinamia chini. Kwa hiyo katika maeneo kama hayo ukuta wa zege usio na daraja karibu si nusu ya usalama. Unaweza kuwa mbaya kuliko kutokuwa na kitu, na mtu anayeuchora anapaswa kuanzia kwenye stendi, soko na shule, aweke madaraja hapo, kisha ndipo amwite mwenye mashine ya zege.

Jambo la mwisho ni miisho. Ukuta unaolinda kwa urefu wa kilomita nyingi unaua pale unapokoma, kwa sababu ncha butu ya zege inalisimamisha gari papo hapo, na ncha iliyolazwa kama mteremko inalirusha juu. Kila uwazi unaoachwa kwa ajili ya kugeuzia gari unaongeza ncha mbili za namna hiyo. Uingereza huunganisha ncha za zege na ukingo wa chuma ambao nguzo zake zinazidi kukaribiana kadiri unavyousogelea ukuta, ili ugumu uongezeke hatua kwa hatua. Na pale gari la wagonjwa au la zimamoto linapohitaji kupenya kwenda upande wa pili, huwekwa kipande cha chuma kinachofunguliwa. Katika miji yetu, ambako madereva wamezoea kugeuza kila mita mia chache, uwazi huo ndio utakaopiganiwa zaidi, na wanaoupigania watakuwa wenye vituo vya mafuta, wenye maduka na waheshimiwa madiwani, kila mmoja akitaka wa kwake mbele ya mlango wake.